Kigingi Chekundu kwenye Ukuta wa Serikali

Jumatatu, 4 Machi 1957

Daftari hili nimepewa na Ofisi ya Mji liwe la vipimo. Kurasa za kulia nitaandika vipimo, za kushoto nitaandika mengine, maana ukurasa mtupu hunisumbua roho. Mimi ni Kaleli, msaidizi wa Mkaguzi wa Majengo hapa Thika. Kazi yangu ni kubeba futikamba, mkebe wa rangi nyekundu na vigingi sita, na kujua sheria ndogo za mji kuliko anavyozijua mwenye nyumba.

Leo yamepita malori kumi na moja kuelekea viwandani. Yamebeba nguzo za chuma. Moja ilikuwa ndefu hata kichwa cha lori kilipotokea kwenye kona ya pili, mkia wake ulikuwa bado unakata kona ya kwanza. Nilisimama nikiwa nimeachama mpaka vumbi likanijaa kinywani. Wanasema ni ghala la Serikali, na kwamba ukisimama mlango mmoja hutamtambua mtu aliye mlango wa pili. Sijawahi kuona kitu kama hicho na sioni haya kusema hivyo.

Jumanne, 5 Machi

Joto. Choo kimoja kimepimwa. Kimefaulu.

Alhamisi, 7 Machi

Mbula amenicheka kwa sababu nimepima chumba chetu tena. Futi kumi kwa kumi na mbili, namba kumi na nne, safu ya chini kabisa ya landhi, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa mji. Nilikingoja miaka miwili. Yeye alikuwa kwao Machakos, mimi nikilala kwa zamu na wanaume watano. Sasa tuna mlango wetu, na mtoto wetu Ndinda ameanza kutambaa kwenye sakafu ya simiti.

"Baba Ndinda, unafikiri kimekua tangu jana?" Mbula aliniuliza.

Nilimwambia kwamba mtu hupima kitu chake. Akasema basi nimpime yeye gauni, maana fundi cherehani anamkosea kila siku.

Jumatatu, 11 Machi

Himatlal wa duka la vitambaa amenikamata njiani. Mwaka jana nilipigilia kigingi nyuma ya stoo yake kwa kuwa ukuta ulivuka mpaka kwa futi mbili na inchi nne. Aliuvunja wote, jiwe kwa jiwe, mkewe Dayaben akiangalia kutoka dirishani. Tangu siku hiyo hanipi kiti, ila salamu haninyimi.

"Kaleli, wewe nafika huko kwa ghala mpya?"

"Bado."

"Nenda, angalia. Halafu kuja ambia mimi kama sheria ile iko ya Himatlal peke yake."

Nikaenda. Mkandarasi ni Mohinder Singh, mtu nimjuaye, Singasinga mwenye sauti ya chini na mikono mipana kama makoleo. Alinikaribisha chai. Nilizunguka mashimo ya msingi nikishangaa, maana nilihitaji hatua mia mbili na kumi kutoka pembe hadi pembe. Kisha nikafika upande wa chini, na mshangao wangu ukabadilika. Msingi umekatiza juu ya mtaro mkuu. Huo ndio mtaro unaoshusha maji yote ya barabara za juu, unapita kando ya landhi yetu, unamwaga mtoni. Mahali pa mtaro wenye upana wa futi sita wameweka kalvati, bomba la simiti la kupitishia maji, ya futi moja na nusu.

Jumatano, 13 Machi

Sheria Ndogo namba 41 inasema hakuna jengo litakalosimama ndani ya futi kumi na tano kutoka ukingo wa mtaro mkuu. Bwana Mkaguzi yuko likizo ya ugonjwa. Nilifungua kabati, sikuona ramani yoyote ya ghala. Jengo lisilo na ramani na lililovuka mstari, kazi yake ninaijua hata nikiwa usingizini. Saa nne asubuhi nilipima futi kumi na tano, nikapigilia kigingi, nikakipaka kichwa rangi nyekundu, nikarudi ofisini kunywa uji.

Niandike maana yake, kwa sababu haijaandikwa popote. Wajenzi wa hapa, wawe Wahindi au Waafrika, wana desturi moja. Kigingi chekundu kikipigiliwa, kazi iliyokivuka husimama, na ukuta uliokivuka huvunjwa. Fundi hakigusi. Aliyekipigilia ndiye huking'oa kwa mkono wake, na hapo ndipo kazi huendelea. Nimeona fundi akipitisha toroli kwa kuzunguka mtaa mzima asikiangushe.

Alhamisi, 14 Machi

Watu mia moja na themanini wameketi. Hakuna nyundo, hakuna mashine ya kukoroga simiti. Nilipita mbali, nikiogopa hata kukohoa. Nguzo za chuma zimelala kwenye nyasi, na kipande changu cha mti chenye urefu wa inchi kumi na nane kimesimama mbele yao. Sikujua kwamba nina uwezo wa namna hiyo na sijui kama nilitaka kuujua.

Ijumaa, 15 Machi

Bado wameketi.

Jumatano, 20 Machi

Injinia wa Idara ya Maghala ametoka Nairobi. Mzungu mrefu, amevaa kaptula iliyopigwa pasi. Alimwita Mohinder na mimi nikaitwa pia.

"Ng'oa hii kitu," alimwambia Mohinder.

"Hapana weza, Bwana. Iko ya mkaguzi."

"Hii ni kazi ya Serikali."

"Ndiyo, Bwana. Lakini kesho mimi najenga nyumba ya mtu ingine hapa Thika. Kama nang'oa hii, nani nasimama tena kwa kigingi? Yeye naweka, yeye nang'oa."

Injinia alinitazama. Nilidhani ataniamuru, na ningeng'oa, Mungu anisamehe, mikono yangu ilishaanza kusogea.  Lakini alikigusa kigingi kwa ncha ya kiatu tu, akakiacha, akarudi garini. Angeweza kuking'oa kwa vidole viwili. Nimekaa nikiwaza hilo jioni nzima.

Jumamosi, 23 Machi

Bwana Mkaguzi amerudi, macho ya njano, amekonda. Hakunifokea, na afadhali angenifokea.

"Kaleli, umemsimamisha Malkia," alisema. Yeye husema Kiswahili vizuri kuliko Wazungu wenzake, amekaa Lamu.

Kisha akanifundisha. Sheria haiifungi Serikali isipokuwa sheria yenyewe itamke hivyo wazi. Serikali ndiyo inayoupa mji uwezo wa kutunga sheria ndogo, kwa hiyo mji hauwezi kugeuka na kuiagiza. Serikali ikijenga posta, gereza au ghala, haiombi ruhusa kwetu wala haileti ramani. Ikileta, ni hisani tu.

Nimesoma sheria ndogo zote leo, mara tatu, nikitafuta neno Serikali. Halimo. Hakuna palipoandikwa kwamba inafungwa, na hakuna palipoandikwa kwamba haifungwi. Nilimwuliza Bwana Mkaguzi, kama kitabu kimenyamaza, kimya hicho ni cha nani. Akasema kimya ni cha Serikali. Nimeshangaa sana kusikia kwamba hata mahali pasipo na neno pana mwenyewe.

Jumatatu, 25 Machi

Nilimweleza Himatlal. Alikunja kitambaa alichokuwa akipima, akakikunja tena.

"Jina ya Himatlal iko kwa hiyo kitabu?"

"Haiko."

"Lakini ukuta yangu ilivunjika," akasema, akamgeukia mteja.

Jumanne, 26 Machi

Nimekwenda chumba cha nyuma kutafuta sheria namba 41 ilizaliwa lini. Nimeikuta kwenye kitabu cha mikutano kilicholiwa na mchwa pembeni. Ilitungwa miaka ishirini na sita iliyopita. Ukurasa wa kabla yake karani wa zamani ameandika kwa mwandiko mzuri kwamba mvua ya Aprili ilileta maji mengi yasiyowahi kuonekana, yakapita mahali fulani, yakabeba vibanda saba na watu wanne. Mahali hapo amepataja kwa vipimo. Nilivichora vipimo hivyo kwenye ramani ya leo. Ni safu yetu ya chini.

Jioni nilimwuliza Mama Warigia, jirani yetu wa namba kumi na tatu, anayewauzia watu wa viwandani uji. Amekuwa hapa tangu landhi ilipokuwa shamba la katani.

"Ni kweli, kijana wangu. Mmoja wao alikuwa dada ya mama yangu. Tulimpata siku ya tatu, na bado alikuwa ameshika ufunguo."

Nilikuwa nadhani sheria ndogo zilitungwa na watu wapendao kusumbua wengine, na kwamba mimi ni mmoja wao. Kumbe futi kumi na tano zilipimwa na maji yenyewe, na mji uliziandika tu. Nimekifunga kile kitabu kwa heshima kama Biblia.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua imeanza. Nimeweka kopo la siagi nyuma ya mlango na rula ndani yake. Robo inchi.

Alhamisi, 4 Aprili

Barua ya Nairobi imefika. Ina kurasa mbili na muhuri. Serikali haifungwi na Sheria Ndogo namba 41 wala nyingine yoyote, na kigingi kiondolewe mara moja na mtu aliyekiweka. Hata wao wamekubali kwamba lazima nikiondoe mimi. Kopo, nusu inchi.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimeking'oa. Watu mia moja na themanini walisimama kuniangalia. Nilikuwa nimekipigilia kwa mapigo manne na kimetoka kwa kuvutwa mara moja, kwa kuwa udongo umeshalowa. Mohinder hakuniangalia usoni. Aliniuliza polepole, "Nyumba yako iko wapi, Kaleli?" Nilimwonyesha kwa kidole, paa la mabati la mwisho kule chini. Alilitazama kwa muda, kisha akawapigia watu wake filimbi.

Nimekitia kigingi mfukoni badala ya kukirudisha ofisini. Mbula amekiona, hakunitania leo. Nilimwambia waziwazi kwamba naogopa.

Jumanne, 9 Aprili

Inchi moja na robo. Ukuta umefika kiunoni.

Jumamosi, 13 Aprili

Inchi moja. Ukuta umefika kifuani. Ni ukuta mzuri, wa mawe ya kuchonga, wembe haupiti kati ya jiwe na jiwe. Nauchukia na siwezi kuacha kuutazama.

Jumatano, 17 Aprili

Nilimwomba Bwana Mkaguzi tuhamishwe safu ya juu. Alisema vyumba vimejaa mpaka Septemba. Nilimwonyesha kitabu cha mchwa. Alikisoma akiwa amesimama, akakaa, akakisoma tena. Ameandika barua Nairobi, bila kunionyesha.

Jumapili, 21 Aprili

Pasaka. Inchi mbili. Mahubiri hayakusikika kwa kelele ya mabati.

Jumatano, 24 Aprili

Hakuna mvua. Mbingu nyeusi upande wa milima tangu asubuhi. Mama Warigia ameinua magunia yake ya unga juu ya kitanda.

Alhamisi, 25 Aprili

Naandika kwenye sakafu ya kanisa. Tuko familia kumi na nane hapa. Ndinda amelala. Nitaandika taratibu.

Saa nane mchana giza liliingia. Si mvua iliyonyesha, maana mvua huwa na matone. Ilikuwa kana kwamba mtu amepindua karai. Kopo langu lilijaa likafurika kabla sijamaliza kulitazama. Nilikuwa ofisini Mama Warigia alipoingia, hana kitambaa kichwani, matope mpaka magotini, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akikimbia.

"Maji yamefika mlangoni. Mbula hataki kutoka, anasema umemwambia akungoje."

Ni kweli nilimwambia hivyo asubuhi.

Nilichukua nyundo. Sijui kwa nini nyundo. Nilikimbia kwa barabara ya juu kwa kuwa ya chini haikupitika, na ndivyo nilivyofika kwenye ghala. Hapo niliona kitu nitakachokumbuka mpaka niingie kaburini. Nyuma ya ule ukuta mzuri palikuwa na ziwa, jekundu, linapanda huku nikilitazama. Kalvati ilikuwa imeziba kwa matawi na vipande vya katani. Maji hayakuwa na hasira wala haraka. Yalifika ukutani, yakatafuta njia yao ya zamani, yakaikosa, yakageuka kushoto kuelekea landhi, upana wa barabara mbili. Nilihisi udogo wangu wote. Nilitaka kupiga magoti.

Mohinder alikuwa pale na watu wake, kilemba kimelowa, wameshika mitarimbo na nyundo kubwa. Walikuwa wamesimama tu. Alitazama ukuta, akatazama mabati kule chini, akanitazama mimi.

"Mimi hapana weza vunja mali ya Serikali," alisema. "Hakuna amri."

Nikaingiza mkono mfukoni. Kilikuwa bado humo. Futikamba sikuwa nayo, lakini tundu lake la zamani nilijua liko wapi, kwa hatua sita kutoka nguzo ya pembeni. Niliingia kwenye maji, yakanifika nusu ya muundi, nikakipigilia. Mapigo manne. Kichwa chekundu kidogo tu kilibaki juu ya maji.

"Wewe naweka?" Mohinder aliuliza.

"Nimeweka."

"Wewe Kaleli, wa Ofisi ya Mji?"

"Mimi Kaleli, wa Ofisi ya Mji."

Alijua. Barua alisomewa yeye pia. Lakini aligeuka kwa watu wake akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Nyinyi naona kigingi. Ukuta imepita kigingi. Vunja."

Watu arobaini waliufikia ule ukuta. Yeye mwenyewe alianza, akigonga jiwe ambalo wiki iliyopita nilimwona akilipapasa kwa kiganja kuhakikisha limelala sawa. Kwa nusu saa walipiga nyundo bila kupumzika. Kisha jiwe moja lilitoka, kumi yakalifuata, na maji yakaona mtaro wao. Yaliingia yote kwa pamoja na mlio niliousikia tumboni. Upande wa kushoto yakaanza kupungua.

Nilimkuta Mbula amesimama juu ya meza, Ndinda begani, maji chini ya ubao wa meza kwa inchi tatu. Alama iko ukutani, nitaipima kesho. Watu wote wa safu ya chini wako hai. Nimewahesabu mara mbili, na Mama Warigia amewahesabu mara ya tatu.

"Umechelewa," Mbula alisema. Kisha akalia, na mimi nikalia.

Ijumaa, 26 Aprili

Inchi tatu na nusu, nilikosea kwa nusu.

Jumatatu, 29 Aprili

Injinia amekuja. Alisimama kwenye tope mbele ya pengo, soksi zake ndefu zimechafuka. Mtaro ulikuwa bado unapitisha maji, futi sita kamili.

"Nani naambia nyinyi vunja hii?"

Mohinder alionyesha kigingi. Mimi nikasema ni changu.

"Wewe najua hii ni ukuta ya nani?"

"Ya Serikali, Bwana."

"Na barua wewe nasoma?"

"Niliisoma, Bwana."

Alimtaka Bwana Mkaguzi wazungumze kando. Niliona Bwana Mkaguzi akikitoa kile kitabu cha mchwa chini ya koti la mvua, akikifungua kwenye boneti ya gari. Injinia aliusoma ukurasa. Kisha alitembea peke yake mpaka landhi, nikamwona akitia kidole kwenye mstari wa matope ukutani kwetu, na Mbula akamsogezea kiti. Hakukaa. Alivua kofia.

Jumanne, 30 Aprili

Inchi moja. Nimekatazwa kutoka ofisini.

Jumanne, 14 Mei

Barua ya pili ina aya mbili tu. Bwana Mkaguzi alinisomea mlango umefungwa.

Ya kwanza inasema kwamba Serikali haifungwi na sheria ndogo za mji, haijawahi kufungwa, na lolote itakalofanya lisichukuliwe kuwa ni kukubali kwamba inafungwa. Hata hivyo, kwa hiari yake, itausogeza ukuta wa upande wa chini.

Ya pili inasema kwamba Kaleli, aliyepigilia kigingi kwenye kazi ya Serikali mara mbili, ya pili akijua kwamba haruhusiwi, asishike tena nyundo wala rangi. Nimehamishiwa Ruiru kukagua mapipa ya taka. Tutapewa chumba huko huko, upande wa Gitothua.

"Nimejaribu," alisema Bwana Mkaguzi.

Nilimwambia nashukuru, na sikuwa nasema kwa adabu tu. Mbula ameuliza swali moja, kama Gitothua kuko juu au chini.

Jumatano, 29 Mei

Jua. Mvua imekwisha. Kesho tunahama, Himatlal ametupa lori lake. Leo amenipa kiti.

Nilipita kwenye ghala kuaga. Paa limeshapanda. Nilisimama mlango wa kwanza, na aliyekuwa mlango wa pili sikumtambua, kama walivyosema. Mshangao wa Machi ulinirudia wote. Ni jengo kubwa na ni zuri, siwezi kusema vingine.

Mohinder alinipeleka upande wa chini, kwenye ukuta mpya. Bila kuambiana tulifanya kama zamani: yeye alishika ncha ya futikamba kwenye jiwe, mimi nikaenda nayo hadi ukingo wa mtaro. Futi kumi na tano. Nilirudia. Futi kumi na tano, si inchi moja zaidi, si inchi moja pungufu. Nairobi, ambayo haifungwi na namba 41, ilikuwa imeifuata kwa kipimo chake kamili. Nilimwonyesha Mohinder namba, akaisoma, akatikisa kichwa, akaiviringa futikamba pole pole kama mtu anayekunja shela.

Kigingi kilikuwa bado pale, mguuni mwa ukuta, rangi imechujuka kidogo. Watu wake walikuwa wakimwaga simiti ya njia ya miguu na walikuwa wamefika karibu nacho. Walisimama kuningoja.

"Ng'oa basi," alisema Mohinder. "Kazi imekwisha."

"Siwezi. Nimekatazwa kugusa vigingi."

Alifikiri. Alinitazama, akawatazama watu wake, na nikaona ndevu zikisogea.

"Na mimi hapana weza. Wewe naweka, wewe nang'oa."

Akawaambia wamwage simiti kukizunguka. Niliondoka walipokuwa wakiisawazisha, kichwa chekundu kikiwa juu yake kwa inchi mbili.